Gari Dogo, Mafuta Mengi: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Salamu kwenu wahariri. Nina Vitz ya mwaka 2006, injini ndogo ya cc 996, otomatiki. Niliinunua kwa mtu Dar es Salaam nikaja nayo Mbeya. Lita 10 zinanifikisha kilomita 90 tu, na safari zangu nyingi ni za Makambako, wala si za foleni. Fundi ameshabadilisha plagi zote tatu na eya klina, ameosha nozeli, sasa anataka ninunue oksijeni sensa, ile ya kwenye bomba la moshi. Taa ya injini haijawahi kuwaka. Kingine, sijui kama kinahusiana: ile taa ya bluu kwenye dashibodi inachelewa sana kuzimika asubuhi, na nikishuka mteremko mrefu usiku inawaka tena. Nianzie wapi? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Inahusiana, ndugu yetu. Hiyo taa ya bluu ndiyo kesi yenyewe, na sensa usiinunue kwanza.

Taa hiyo inasema maji ya injini bado ni ya baridi. Ikishazimika haitakiwi kurudi mpaka gari lilale. Ikiwaka tena gari likiwa mwendoni, maji yanapita kwenye rejeta muda wote bila kizuizi. Ama thamostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto, imekwama ikiwa wazi, ama haipo kabisa. Kwa gari lililotoka Dar tunashuku hilo la pili. Gari likichemsha mara moja kwenye foleni, mafundi wengi hutoa thamostati, wakaitupa, na feni wakaiunga moja kwa moja iwe inazunguka kila ukiwasha swichi. Kwa joto la Dar mwenye gari haoni tofauti kubwa. Kwa baridi ya Mbeya injini haipati joto kabisa.

Na injini baridi inakula kwa sababu zaidi ya moja. Kompyuta inapoona maji yako chini ya joto la kazi, inaongeza petroli kwenye mchanganyiko wa petroli na hewa na kupandisha silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta), kwa kuwa petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma cha baridi. Oili inabaki nzito. Gia boksi nayo husubiri joto kabla ya kufunga klachi yake ya ndani kwenye gia ya juu, hivyo injini inazunguka kwa kasi kuliko inavyohitajika hata ukiwa umetulia kwenye lami. Petroli ya ziada pia huosha kuta za silinda na kushuka kwenye oili. Ndiyo maana hili halitakiwi kuachwa hata kama una uwezo wa kulipia mafuta. Na taa ya injini kutowaka isikutulize: kompyuta hailalamiki kila mara maji yanapokuwa baridi, inafanya tu kazi yake ya kuongeza mafuta.

Hakikisha hivi. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, liwashe na uguse rejeta na mipira yake miwili, mkono ukiwa mbali na feni. Thamostati nzima huzuia: injini inapata joto huku rejeta ikikaa baridi kwa dakika kadhaa, kisha joto linaingia kwa mkupuo. Kama rejeta na mipira vinapata uvuguvugu pole pole tangu mwanzo, jibu umelipata. Njia ya uhakika zaidi ni mashine ya kupimia inayochomekwa kwenye kompyuta ya gari. Usimwambie fundi asome kodi za makosa tu, mwambie afungue data za papo kwa papo na mtoke nayo barabarani. Joto la maji linatakiwa kufika kati ya nyuzi 80 na 95 na kukaa hapo. Likishuka kuelekea 60 ukiwa kwenye kasi ya 80, hakuna ubishi tena.

Angalieni pia kama sensa ya joto yenyewe inasema kweli. Kabla ya kuwasha asubuhi, joto la maji na joto la hewa inayoingia injini yawe karibu sawa. Yakipishana nyuzi 15 au 20, sensa mojawapo inadanganya. Kwa mita ya umeme, sensa ya maji ya Toyota husoma takriban omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na karibu 300 kwenye nyuzi 80.

Sasa tahadhari, na tafadhali usiipuuze. Thamostati haikutolewa bure. Gari lilichemsha, na huenda chanzo bado kimo humo. Ukirudisha thamostati bila kukitafuta, unaweza kuunguza gasketi ya silinda hedi. Kwa hiyo kagueni kwanza: rejeta haijaziba kwa kutu ya maji ya bomba, mfuniko wa rejeta unashika presha (wa Toyota ndogo nyingi umeandikwa 1.1), feni imerudishwa kwenye swichi au rilei yake na inajiwasha yenyewe, na hakuna mapovu yanayopanda mfululizo kwenye shingo ya rejeta injini ikiwa inanguruma. Mfuniko huo ufunguliwe injini ikiwa baridi tu.

Thamostati mpya iwe ya injini hiyohiyo. Joto lake la kufunguka limechongwa kwenye bamba, mara nyingi 82. Kabla ya kuifunga, ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto: ianze kufunguka karibu na namba hiyo, na maji yakipoa ijifunge kabisa. Kile kivalvu kidogo kinachochezacheza kikae juu ili hewa itoke, na mpira wa kuzuia uvujaji uwe mpya. Jaza kulanti (dawa ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, washa hita kwenye joto la mwisho, na uache injini ingurume mpaka feni ijiwashe na kujizima mara mbili. Ikipoa, ongeza kilichopungua.

Baada ya hapo pima matumizi upya, na hapa wengi tunajidanganya. Kuweka mafuta ya elfu ishirini na kuangalia mshale hakupimi kitu. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, usiongeze hata tone, weka tripu kwenye sifuri, tembea angalau kilomita 200, rudi sheli ileile na pampu ileile, jaza tena mpaka ijikate. Gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Fanya mara tatu uchukue wastani. Kwa Vitz ya lita moja kwenye barabara yako, mwendo wa 80 hadi 90, sisi tungetarajia kilomita 14 hadi 17 kwa lita. Ikibaki chini ya 13, hapo ndipo oksijeni sensa inastahili kuangaliwa: kwenye mashine, volti ya ile ya mbele ipande na kushuka haraka kati ya 0.1 na 0.9 injini ikiwa ya moto. Ikilala juu muda wote, mchanganyiko una petroli nyingi au sensa imechoka. Tazama na asilimia za marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza petroli. Zikiwa ndani ya 10, juu au chini, kompyuta haihangaiki, na tatizo halipo kwenye nozeli wala sensa.

Plagi zako za zamani, kama fundi hajazitupa, nazo ni ushahidi. Masizi makavu meusi maana yake petroli nyingi. Zilizolowa oili ni kesi nyingine kabisa.

SWALI: Gari yangu ni Mazda Demio, iko sawa kwa mashine, plagi mpya, thamostati iko, lakini inakunywa mafuta kuliko ya jirani yangu ya aina hiyohiyo. Pia nikiachilia mafuta kwenye tambarare inapunguza mwendo haraka. Shida iko wapi? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Mwanzo wa jibu uko kwenye sentensi yako ya mwisho. Injini haina kosa, kuna kitu kinaivuta. Endesha kilomita 10 bila kufunga breki kwa nguvu, simama taratibu, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu lenye joto zaidi ya wenzake ndilo linaloshikwa. Inua gari kwa jeki, egemeza kwenye stendi, weka gia huru, zungusha kwa mkono. Mbele, sababu ya kawaida ni pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) zilizokauka: zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya breki, maana grisi ya kawaida huvimbisha mipira. Nyuma ni waya wa hendibreki uliopata kutu ndani ya ala yake, hasa baada ya matope.

Kisha upepo. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, si ubavuni mwa tairi, pale pameandikwa kikomo cha juu. Kibandiko kikisema kPa 220, hiyo ni psi 32. 230 ni psi 33. Pima asubuhi kabla ya kutembea. Kama tairi zinalika upande mmoja, nenda ukapime alaimenti (unyoofu wa magurudumu). Na kama mwenye gari wa kwanza aliweka tairi kubwa kuliko za kiwanda, dashibodi yako inahesabu kilomita pungufu, kwa hiyo sehemu ya huo "ulafi" ni hesabu tu.

SWALI: Fundi ananishauri nitoe masega (kile kifaa cha kusafisha moshi) kwenye ekzosi ya Toyota IST yangu, eti mafuta yatapungua. Nikubali? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Usikubali, dada. Masega mazima hayazuii pumzi ya injini kiasi cha kuonekana kwenye tenki. Yaliyoziba ndiyo yanayokula mafuta, na dalili yake iko wazi: gari linakosa nguvu kwenye mlima, halivuki kasi fulani hata ukikanyaga mpaka mwisho. Presha ya moshi inaweza kupimwa kwenye tundu la oksijeni sensa ya mbele kabla ya kukata chochote. Yakiwa yameziba, tafuta pia kilichoyaziba: injini inayokula oili, au silinda isiyochoma vizuri. Kumbuka kwamba ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na yana wanunuzi. Yakilazimika kutolewa, yawe mikononi mwako wewe.