Moto Unaokula Fedha Zako Hauko Kwenye Taa

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Njombe, ambao ulinifanya niweke kando makala niliyokuwa nimeiandaa. "Shikamoo dada," aliandika. "Nimebadilisha taa zote, ya nje naiwasha mgeni anapobisha hodi tu, lakini uniti zinayeyuka vilevile na gunia la mkaa halivuki mwezi. Nifanye nini? Na hizi presha kuka za umeme zinafaa kweli?" Marahaba, mdogo wangu. Ninakujibu hadharani kwa sababu najua wenye swali kama lako ni wengi, na kwa sababu jibu lenyewe mimi nimelipata kwa kuchekwa.

Taa zako hazina hatia. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku hutumia uniti moja na theluthi hivi kwa mwezi mzima. Hita ya kuogea, ile inayopasha maji yanapopita bombani, huwa na wati 5,500 au zaidi, na mtu akisimama chini yake kwa dakika nane amekwisha kutumia zaidi ya theluthi mbili za uniti. Watu wawili wakioga asubuhi moja, umeme wa taa ya sebuleni wa mwezi mzima umekwenda na maji. Ukitaka kuhakikisha, nenda ukasimame mbele ya mita ya LUKU. Kwenye mita yangu pameandikwa kwamba kile kitaa chekundu hupepesa mara 1,000 kwa kila uniti. Nikiacha balbu moja tu ikiwaka, nasubiri zaidi ya dakika sita kukiona kikipepesa mara moja. Hita ikiwashwa, kinapepesa mara tatu katika kila sekunde mbili, na ukikitazama huku ukijua bei ya uniti, hutakaa bafuni kuimba.

Sisemi watu waoge maji ya baridi, maana Julai ya hapa Uyole, Mbeya, haina mzaha. Kupasha ndoo ya lita kumi hadi maji yawe ya kuogea kunahitaji theluthi moja hivi ya uniti, kwa hiyo ndoo na kata vinamtosha mtu mzima kwa chini ya nusu ya kile kinachoteketea kwenye hita. Watoto wangu walinung'unika, kisha wakazoea.

Lakini mahali hasa tunapochoma fedha, sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini, ni kwenye maharage na makande. Dada yangu anayeishi Dar es Salaam hunishangaa kila ninapomwambia kwamba maharage yaleyale ninayomtumia kutoka Mbeya hukawia zaidi jikoni kwangu kuliko kwake. Hakuna uchawi. Kila unapopanda mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye joto pungufu kwa nyuzi moja, na Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi. Maji ya pwani huchemka kwenye nyuzi 100, ya kwetu kwenye 94, na ya kwako Njombe hata chini ya hapo. Ukiongeza mkaa ili sufuria itokote kwa fujo, maji hayazidi joto hilo hata kidogo. Unachopata ni mvuke mwingi na gunia linaloisha mapema. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mama wa huku alijue kabla ya kulijua lingine lolote.

Dawa yake niliyoipata ni tenga linalotunza joto la sufuria iliyokwisha kuchemka, ili chakula kiendelee kuiva bila moto. Nililiona kwa mara ya kwanza kwenye semina ya akina mama kanisani, wakati ambapo fedha ya mkaa ilikuwa inanikosesha usingizi. Najua nawe una kiwanja mahali fulani chenye msingi ulioota nyasi, kwa hiyo huhitaji kuelezwa nilivyojisikia kila nilipopita kwenye msingi wangu nikitoka kununua mkaa. Nikashona mito miwili ya sufi, mmoja wa kutandika chini na mmoja wa kufunika juu, nikazungushia blanketi kuukuu ndani ya tenga la mianzi. Maharage niliyoyaloweka tangu asubuhi nikayachemsha jioni kwa nusu saa, nikaingiza sufuria ndani na kifuniko chake, nikafunika na kwenda kulala. Asubuhi sufuria lilikuwa bado la moto kiasi cha kulishika kwa kitambaa, na nilipolibinya harage moja kati ya kidole gumba na cha shahada likapasuka bila ubishi, ganda huku na unga kule.

Nilifurahi mno, nikalisimulia kwenye kikao chetu cha kikoba. Mwenzetu mmoja, tena ambaye mtoto wake nilimbeba mgongoni, akasema mbele ya wote kwamba siku hizi ninaatamia maharage kama kuku. Walicheka mpaka mweka hazina akashindwa kuhesabu hisa. Wakaniita bahili, wakauliza kama mume wangu amefukuzwa kazi. Sikujibu, lakini sijasahau, na sioni kwa nini nijifanye nimesahau. Leo nyumba yangu imepauliwa, na sehemu ya bati zile ni mkaa ambao sikuununua. Aliyenicheka ameazima tenga langu tangu Pasaka na hadi sasa hajalirudisha.

Ndugu zangu, tuache kuona aibu ya kubana matumizi huku hatuoni aibu ya kuchoma miombo ya Chunya. Tanuru la udongo la kienyeji humeza kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, kwa hiyo anayenunua gunia moja amenunua mti ambao sehemu yake kubwa imekwisha kupotea angani kabla gunia halijafika soko letu la Mwanjelwa. Wapo wanaoniambia kwamba sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, hivyo habari za kubana zimepitwa na wakati. Maji ya bwawa hilo ni ya Mto Rufiji, na miongoni mwa mito inayoulisha Rufiji ni Ruaha Mkuu, unaokusanya maji yake kwenye bonde letu la Usangu na ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Ukiharibu vyanzo vya huku juu, usishangae kule chini. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034. Hilo ni jambo jema, ila maharage ya kesho hayawezi kungoja hadi mwaka huo.

Jambo jingine sitalizungumza kwa utani. Msimu wa baridi watu huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga madirisha na kulala. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala hufa bila kuamka. Ongeza blanketi, ziba nyufa za mlango kwa nguo, jiko libaki nje.

Sasa presha kuka. Inafaa kweli, na inatufaa sisi kuliko watu wa pwani, kwa sababu mvuke uliobanwa ndani yake hupandisha joto kupita nyuzi 110, jambo ambalo sufuria la kawaida haliliwezi popote, sembuse Njombe. Yangu hutumia nusu uniti hivi kwa maharage ya familia. Kama mita yako iko kwenye kundi la D1, yaani lile la wanaotumia umeme kidogo nyumbani, uniti 75 za kwanza za mwezi hutozwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na ukivuka hapo kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Ukipika maharage siku moja na kuruka moja, presha kuka itakula uniti saba na nusu hivi kwa mwezi, na hizo utazipata ndani ya 75 zilezile endapo hita itapumzika. Kama fedha ya kuinunua bado haijapatikana, anza na tenga, ila maharage mekundu yatokote vizuri kabla ya kuyafunika, angalau dakika kumi kamili bila kupungua moto, kwa kuwa yana sumu ya asili ambayo joto la wastani haliiondoi. Sufi ikikosekana, matambara ya pamba yaliyojazwa vizuri kwenye foronya hufanya kazi ileile.