Skrini nyeusi baada ya kuingia kwa xrdp

Kaka, kama nimekuelewa: uko nyumbani Mbagala, kompyuta ya Ubuntu iko ofisini Posta, ssh (njia salama ya kuandika amri kwa mbali) inaingia vizuri, ila xrdp (programu ya kukuonyesha desktopu ya kompyuta iliyo mbali) ikishapokea nywila skrini inabaki nyeusi. Mara nyingi chanzo ni kwamba akaunti yako hiyohiyo imeachwa wazi kwenye mashine yenyewe pale mezani. Desktopu mbili za mtumiaji mmoja zinagombania D-Bus ileile (njia ambayo programu za desktopu huwasiliana), ya pili inakufa kimyakimya.

Ingia kwa ssh, andika `who`. Ukiona jina lako kwenye `:0` au `tty2` (yaani skrini ya mashine yenyewe), ndilo tatizo. Mtu wa ofisini atoke kabisa kwenye akaunti. Kufunga skrini tu hakutoshi. Kama hakuna mtu, fungua `/etc/xrdp/startwm.sh` kwa sudo (haki za msimamizi), na juu ya mstari wa kwanza unaoanza na `test` weka hii:

`unset DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS`
`unset XDG_RUNTIME_DIR`

Kisha `sudo systemctl restart xrdp`, ujaribu tena.

Halafu nakusihi, hiyo poti 3389 (mlango wa xrdp) uliyofungua kwenye ruta ifunge leo hii. Roboti za kubahatisha nywila zinaizunguka usiku na mchana. Pitia ndani ya ssh:

`ssh -L 3390:localhost:3389 jina@anwani`

Acha dirisha hilo wazi, programu yako ya desktopu ya mbali uielekeze `localhost:3390`.

Kwa bando la simu, shusha rangi hadi biti 16 na utumie XFCE, desktopu nyepesi. GNOME, ile ya kawaida ya Ubuntu, ni nzito mno.