Maswali ya Wasomaji: Taa za ufukweni na nyambizi za mwaka 1942

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa lori la mafuta. Tulipokuwa kwenye foleni pale Malaba, mwenzangu alisimulia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia nyambizi za Ujerumani zilizamisha meli za mafuta mbele ya macho ya Wamarekani waliokuwa ufukweni. Je, ni kweli? Na taifa kubwa namna hiyo lilishindwaje kulinda mlango wake? – Msomaji, Jinja

JIBU: Mwenzako hakutia chumvi, ndugu yetu. Ujerumani iliitangazia Marekani vita tarehe 11 Desemba 1941, na kabla mwezi haujaisha Admirali Karl Dönitz, mkuu wa nyambizi za Ujerumani, alikuwa ametuma nyambizi tano kutoka Ufaransa, iliyokuwa imetekwa na Wajerumani, ambazo zilianza kuwinda katikati ya Januari. Nyambizi za enzi hizo zilipokuwa chini ya maji zilitegemea betri na kwenda polepole, kwa hiyo mchana zilijificha chini, na usiku zikaibuka na kushambulia zikiwa juu ya maji, kwa injini za dizeli.

Wewe mkazi wa Jinja utaelewa upesi kilichofuata. Usiku wa giza mtumbwi usio na taa huuoni ziwani, lakini ukipita kati yako na taa za wavuvi wa mukene (dagaa), unauona wote, hata kichwa cha mpiga kasia. Miji ya pwani ya Marekani iliacha taa zake zikiwaka kwa miezi kadhaa, na wenye biashara za ufukweni walilalamika kwamba giza lingewafukuzia watalii. Usiku wa tarehe 10 Aprili 1942, meli ya mafuta Gulfamerica, ikiwa katika safari yake ya kwanza, ilipita mbele ya taa za Jacksonville Beach, Florida. Nahodha Reinhard Hardegen wa nyambizi U-123 aliipiga kwa topido (kombora la chini ya maji), kisha akazunguka upande wa nchi kavu ili mizinga yake isielekee kwenye nyumba, huku umati ukitazama moto kutoka mchangani. Mabaharia 19 walikufa.

Hata hivyo, mimi silaumu taa peke yake. Waingereza walikwisha kujifunza kwa machungu kwamba meli za mizigo husafiri kwa msafara, zikisindikizwa na manowari, ilhali Wamarekani, chini ya Admirali Ernest King, mkuu wa jeshi lao la majini, waliziacha zipite mojamoja kwa hoja kwamba meli za kusindikiza hazitoshi. Misafara ya pwani ilipoanza Mei 1942, na ndege za doria zikaongezeka, mawindo yakawa haba, na Julai Dönitz akaziondoa nyambizi zake za mwisho huko na kuzipeleka kwingine.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa mafuta, nikuongezee hili: hasara ya meli hizo ndiyo iliyoifanya serikali ya Marekani kutandaza bomba la zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Texas hadi mashariki, nalo likakamilika mwaka 1943.