Sokai wa hori ya Alberni: acha chambo nyumbani

Acha chambo nyumbani. Ngisi, dagaa simu, kipande cha jodari, vyote hivyo havina kazi kwa samaki huyu. Nawaandikia hasa wenzangu wa pwani mlioko huku Kanada, Vancouver, Surrey na Victoria, ambao kila ikikaribia Juni mnaniuliza twende lini, na ambao mmelelewa mkijua kwamba samaki hutegwa kwa tumbo lake. Mimi ni mtoto wa Shimoni, pwani ya Kenya. Kwetu nguru na kolekole huvuliwa kwa mshipi unaokokotwa mbio nyuma ya boti, na samaki akija anakuja na njaa yake. Sokai, yule samoni mwenye nyama nyekundu kuliko wenzake wote, haji kwa njaa. Ukishalielewa hilo, vifaa, mwendo na kina vyote vinaeleweka.

Baharini sokai anakula vijidudu vinavyoelea majini, hasa jamii ya kamba wadogo sana. Ndani ya matamvua yake mna vichujio vilivyosongamana ambavyo huwakamata hao kamba maji yakipita, na wekundu wa nyama yake unatoka kwao. Akishaingia kwenye hori anaelekea mtoni kuzaa na kufa, karibu ameacha kula, na mafuta yote aliyojaza mwilini ni ya safari hiyo. Kwa hiyo akiuma ndoano, si kwa sababu anataka mlo. Wavuvi wengine husema ni hasira, kitu kimempitia puani mara nyingi mno. Wengine husema ni mazoea ya rangi, kwamba akiona kidude cha pinki kinayumba mbele yake mdomo unafunguka wenyewe. Mimi niko na hawa wa pili, lakini kwa vyovyote vile kazi yako ni kukileta kidude hicho mbele ya uso wake, polepole, tena na tena.

Sasa hori yenyewe. Alberni iko kwenye kisiwa cha Vancouver, upande wa Bahari ya Pasifiki. Ni mkono wa bahari mwembamba, wenye kina kirefu, milima imeubana kushoto na kulia, na unaingia ndani ya kisiwa karibu kilomita 40 kutoka Barkley Sound hadi mji wa Port Alberni. Kichwani mwa hori ndipo mto Somass unapomwaga maji yake. Juu ya mto huo kuna maziwa mawili, Great Central na Sproat, na huko ndiko wanakoelekea sokai karibu wote unaowaona kwenye hori. Mtoto wa sokai hukaa ziwani mwaka mmoja au miwili, akashuka baharini miaka miwili au mitatu, kisha akarudi. Wengi wanaporudi wana kilo 2 hadi 3. Siyo samaki wa kupigia picha na kutingisha mitandao, ni samaki wa sufuria. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanasayansi wa serikali walianza kumwaga mbolea kwenye ziwa Great Central ili vijidudu vya maji viongezeke na watoto wa sokai washibe, na kazi hiyo ilisaidia sana kuwazidisha. Mbolea ziwani! Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilidhani nataniwa.

Samaki huanza kuingia mwishoni mwa Mei, Juni ndiyo kilele chenyewe, na Julai bado wapo. Lakini tarehe hazikusaidii kitu kama hujajua hali ya mto. Sokai anapenda maji baridi. Mwaka wa joto, maji ya Somass yakizidi nyuzi 20 hivi, anakataa kupanda. Anabaki kwenye hori, anazama kutafuta ubaridi, na maelfu wanarundikana mahali pamoja wakisubiri mvua au siku za mawingu. Kwa mwenye boti hiyo huonekana kama neema. Kwa samaki ni mateso, kwa sababu ameacha kula, anachoma akiba ileile aliyobeba ya kumfikisha ziwani. Usishangae basi wakubwa wa uvuvi wakiamua kufunga wakati ambapo sonari yako imejaa samaki.

Na hapa nisimame kidogo kwenye sheria, maana wengi wetu tunaipita mbio. Leseni ya maji ya bahari hutolewa na idara ya uvuvi ya serikali kuu ya Kanada, unainunua mtandaoni, na mwaka wake unaanza 1 Aprili na kuisha 31 Machi. Ukitaka kubaki na samoni uliyemvua, unaongeza stempu ya samoni juu ya leseni. Hata mtoto anayeshika fimbo anahitaji leseni yake, ingawa aliye chini ya miaka 16 halipi. Leseni hii haikuruhusu kuvua sehemu ya juu ya mto, kule ni maji yasiyo na chumvi na leseni yake inatoka kwa serikali ya jimbo. Ndoano lazima iwe haina kile kijino cha kurudi nyuma; kama umenunua yenye kijino, kibane kwa koleo mpaka kilale kabisa. Sokai wa chini ya sentimita 30 hurudishwa majini, ingawa kwenye hori hii si rahisi kumpata mdogo hivyo.

Idadi unayoruhusiwa kwa siku ndiyo inayowaponza watu. Mwaka ambao samaki ni wengi, mara nyingi huwa wanne kwa kila mvuvi. Mwaka mwingine hupunguzwa, au hori hufungwa. Samaki huhesabiwa wakipita kwenye ngazi zilizojengwa mtoni, makadirio hurekebishwa msimu ukiendelea, na tangazo linaweza kubadilika katikati ya wiki. Hori hii iko kwenye eneo namba 23, basi soma tangazo la eneo 23 usiku wa kuamkia safari, usitegemee alichokuambia shemeji yako wiki iliyopita. Na jambo moja zaidi, ambalo kwetu pwani lingeonekana la ajabu: samaki uliyemvua kwa leseni ya burudani huwezi kumuuza. Hata mmoja, hata kwa jirani, hata kwa bei ya mafuta ya boti. Mpe bure au mle nyumbani.

Maji haya yana wenyewe. Watu wa Tseshaht na wa Hupačasath wamekuwa wakimvua samaki huyu tangu kabla ya Kanada kuwepo, na wana siku zao za nyavu. Ukiona maboya yamejipanga kukatiza maji, zunguka mbali. Usipite juu ya wavu ukitegemea propela yako itanusurika.

Vifaa si vingi, ila vina mpangilio wake. Fimbo laini, rili ya kawaida, na ubavuni mwa boti winchi ndogo yenye waya na chubwi la risasi la kilo 5 au zaidi. Mshipi wa fimbo unabanwa kwenye waya huo kwa kibanio, chubwi linashuka nao mpaka kina unachotaka, na samaki akiuma mshipi unachomoka, mnabaki wewe na yeye. Mbele ya ndoano kunafungwa flasha, kibao cha plastiki king'aacho chenye urefu wa sentimita 28 hivi, ambacho kikivutwa kinayumba na kumeremeta. Nyuma ya flasha unaacha mshipi mfupi, sentimita 55 hadi 75, halafu ngisi mdogo wa plastiki wa rangi ya pinki amevalishwa ndoano. Mfupi kwa makusudi: mtikisiko wa flasha ndio unaomfanya huyo ngisi acheze. Ukiurefusha kama tunavyofanya kwa samoni wakubwa, ngisi anakokotwa tu kama kitambaa.

Kisha ongeza flasha nyingine zisizo na ndoano kabisa, uzining'inize kwenye waya wa chubwi. Mgeni hucheka akiona vibao vya bure vinateremshwa majini. Lakini sokai anatembea kwa makundi, na mng'ao wa vibao vitatu au vinne pamoja unafanana na kundi linalokwenda zake. Boti yenye kibao kimoja na boti yenye vinne hazirudi na ndoo sawa, hilo nimeliona kwa macho.

Mwendo ndipo watu wa pwani tunaposhindwa. Noti 1 hadi 1.5, yaani maili za baharini kwa saa, basi. Huo ni mwendo wa mzee anayerudi kutoka msikitini akisalimia kila mlango. Boti yenye injini kubwa haitaki kwenda hivyo, kwa hiyo tumia injini ndogo ya pembeni, au kokota ndoo nyuma ikuzuie. Usiende moja kwa moja kama umenyooshewa rula. Pinda kulia, pinda kushoto, maana kila unapopinda flasha za upande wa ndani zinapunguza mwendo na kuzama kidogo, na za nje zinaongeza. Ukiona fimbo za ndani ndizo zinazoumwa kwenye kona, samaki wanakuambia punguza mwendo. Zikiumwa za nje, ongeza kidogo.

Kina kinabadilika siku hadi siku. Alfajiri ya mapema Juni mimi huanza mita 10 na nyingine mita 15. Jua likipanda nashusha hadi 20. Msimu ukisogea na maji ya juu yakipata joto, mita 25 au 30 si ajabu. Weka kila fimbo kina chake mpaka mmoja aume, ndipo uzisogeze zote karibu na pale. Akiuma usizime injini. Endelea mwendo uleule, kwa sababu aliyeuma ana wenzake, na mara nyingi fimbo ya pili inapinda ukiwa bado unahangaika na ya kwanza. Weka alama mahali hapo, pita, geuka, rudi.

Mdomo wa sokai ni laini mno. Ile tabia yetu ya kuukwanyua mshipi kwa nguvu samaki akigusa, iache Shimoni. Inua fimbo taratibu, mshipi uwe umekaza muda wote, usimpe hata sekunde ya ulegevu, maana ndoano haina kijino cha kumzuia. Anaruka, anajizungusha, anakimbilia chini ya boti. Mwenye wavu wa mkono auzamishe majini akingoje kichwa kiingie kwanza. Kumfukuza kutoka mkiani ni kumpa talaka. Na sili wanajua kazi hii kuliko sisi; ukiona kichwa cheusi kinachungulia nyuma ya boti, harakisha.

Kuhusu upepo sitaki mzaha. Siku za kiangazi zenye jua, bara likipata joto, upepo unavuta kutoka baharini kupanda hori, na milima inaubana uzidi nguvu. Asubuhi maji ni kioo, saa sita au saa saba mchana mawimbi ni mafupi na yamesimama wima, mabaya kwa boti ndogo. Saa kumi na moja alfajiri uwe tayari majini, na saa tano ufikirie kurudi, hata kama hujatimiza idadi. Tazama pia magogo. Port Alberni ni mji wa mbao, na gogo lililolowa linaelea likiwa limesimama, limechungulia kiganja kimoja tu juu ya maji. Kila mtu avae jaketi la kuokolea, lisikae chini ya kiti, na anayeendesha boti ya injini awe na kadi yake ya uendeshaji. Boti nyingi huteremshwa Clutesi Haven mjini au China Creek, mbele kidogo kwenye hori. Napendelea China Creek, inapunguza safari ya maji wakati upepo ukianza.

Kutoka Vancouver unavuka kwa feri hadi Nanaimo, halafu barabara namba 4. Angalia hali ya barabara hiyo kabla hujaondoka. Juni 2023 moto wa msituni uliifunga kabisa.

Samaki akishaingia botini, mpige kichwani papo hapo, kata matamvua, mwache atoke damu kwenye ndoo ya maji ya bahari, kisha mtumbukize kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya chumvi. Barafu tupu isiyo na maji, ikiwekwa juu ya samaki, haipozi haraka kama hiyo. Sokai ana mafuta mengi, na akikaa juani nusu saa nyama inalegea na hutaipata tena. Usimkate vipande vidogo wala kumchuna ngozi mkiwa bado safarini, kwa sababu afisa akikusimamisha lazima aweze kuhesabu na kutambua ni samaki gani.

Nyumbani unaweza kukuta minyoo midogo iliyojikunja kwenye nyama ya tumbo. Ni kawaida kwa samoni wa porini, iondoe na upike vizuri. Anayetaka kumla mbichi amgandishe kwanza siku 7 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.

Kwa mapishi, kupaka kunamfaa sana, ila punguza tui zito kwa nusu. Samaki mwenyewe tayari ana mafuta, ukimzidishia anakinaisha. Ndimu, kitunguu thaumu, pilipili, chumvi, makaa ya wastani, ngozi chini, na umtoe kabla hujadhani ameiva. Vichwa usitupe. Pale kwenye meza za kuparia samaki gatini wengi wanavitupa majini bila kufikiri, na ukiwaomba kwa adabu watakujazia ndoo, wakikuuliza utavifanyia nini. Waambie supu, na uwaelekeze namna ya kuipika. Mmoja niliyemwelekeza siku hizi hanipi tena vichwa vyake.