"Bei njoo inboksi": maswali yenu kuhusu posti fupi za biashara

Nauza viatu. Naposti mara tatu kwa siku, laiki zinamiminika, lakini wanunuzi siwaoni. Nakosea wapi?

Sampuli uliyotutumia inasomeka hivi: "Mzigo mpya umeingia! Karibuni sana wateja wetu, bei poa, njoo inboksi." Mtu akishaisoma hajui ni viatu gani, saizi zipi, bei gani. Ili ajue lazima akuandikie, asubiri umjibu, aulize tena. Wengi hawafiki huko. Wanabonyeza laiki na kupita zao. Laiki ni salamu tu, si oda.

Posti ya kuuza ibebe bidhaa moja na mambo manne: ni kitu gani, kina sifa ipi inayomhusu mnunuzi, bei, na afanye nini sasa hivi. Kwa mfano: "Raba nyeupe za ngozi, saizi 38 hadi 42, zimebaki jozi 6. Andika saizi yako hapa chini, nikuwekee hadi saa 12 jioni." Katikati hapo chomeka bei, kwa tarakimu. Yote hiyo haifiki herufi 140, kile kipimo cha zamani cha Twitter (sasa X), kilichotokana na SMS ya herufi 160 huku 20 zikiachiwa jina la mtumiaji. Tangu 2017 kipimo ni 280 kwa akaunti isiyolipiwa, lakini nafasi ya ziada wengi wanaijaza "karibuni sana" na vikatuni (emoji) vya moto, ambavyo kimoja kinahesabiwa kama herufi mbili.

Kuficha bei eti washindani wasiione hakusaidii: mshindani atakuja inboksi kama mteja na ataipata. Anayekimbia ni mnunuzi. Na ukisema zimebaki jozi 6, ziwe 6 kweli. Zikiisha, andika "zimeisha" chini ya posti ileile. Anayekuta tangazo la juzi bado linasema 6 hatakuamini tena.

Nina namba za wateja zaidi ya 900 kwenye simu, lakini stetasi yangu ya WhatsApp wanaiona watu 60 tu. Simu ina tatizo?

Simu ni nzima. Stetasi humfikia mtu ambaye wewe umesevu namba yake na yeye amesevu yako. Hao 900 umewasevu wewe, wangapi wamekusevu? Orodha ya kutangazia ujumbe (broadcast) nayo ina sharti hilo: asiyekuwa na namba yako haupati, na orodha moja inachukua watu 256.

Dawa yake hufanyika wakati wa mauzo, si baadaye. Unapomkabidhi mteja mzigo, mtumie ujumbe wenye jina la biashara na sababu ya kukusevu: "Sevu namba hii, ukipata shida na mzigo nikujibu hapa." Sababu iwe ya faida yake, maana "sevu uone stetasi zangu" haimvutii mtu. Kisha fungua mipangilio ya faragha ya stetasi uhakikishe hukuwahi kuchagua watu wachache na kusahau. Kumbuka pia kwamba aliyezima tiki za bluu anaweza kuiona stetasi bila kuonekana kwenye orodha yako ya waliotazama, kwa hiyo 60 huenda ni pungufu kidogo.

Stetasi hufutika baada ya saa 24. Bidhaa zako za kudumu ziweke kwenye katalogi ya WhatsApp Business, ile WhatsApp ya wafanyabiashara.

Linki yangu ya WhatsApp kwenye posti haifunguki.

Mara nyingi kosa ni sifuri. Linki huandikwa wa.me/ ikifuatiwa na namba yenye msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi, na bila ile sifuri ya mwanzo wa namba ya nyumbani. Ijaribu kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kuposti. Kwenye maelezo ya picha ya Instagram linki haibonyezeki hata ikiwa sahihi. Iweke kwenye wasifu.

Mimi ni mfugaji. Hashtagi yangu #maziwayang'ombe inakatika katikati.

Inakatwa na ile alama ya juu kwenye ng'. Hashtagi haipokei ritifaa, kistari wala nafasi, na kwenye X yenye tarakimu tupu haifanyi kazi. Andika #MaziwaFreshi. Moja au mbili zinatosha. Posti yenye hashtagi kumi haisomeki.

Mteja ameandika hadharani kwamba mzigo umemfikia umevunjika. Nifute?

Usifute. Huenda tayari ameshapiga picha ya skrini, na kufuta kutakuwa kosa la pili. Mjibu palepale, sentensi mbili: "Pole sana. Nitumie namba ya oda inboksi, tunabadilisha leo." Hapa ndipo inboksi ina kazi yake, kwa sababu namba ya simu na anwani ya mteja hazipaswi kuanikwa. Usibishane kuhusu msafirishaji mbele za watu, hata kama kosa ni lake. Mzigo wa pili ukifika, rudi chini ya malalamiko yaleyale uandike kwamba amebadilishiwa, ili anayeyasoma mwezi ujao aone yaliishaje.