Barua kwa mwanangu: Hesabu safari kuanzia siku ya kurudi

Mombasa, 7 Agosti 2021

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote hatujambo, na nyanya yako anakuulizia kila uchao. Umeniandikia kwamba tiketi za Septemba kutoka huko Uingereza zimeshuka bei, una likizo ya wiki tatu, chanjo za korona umeshamaliza zote mbili, na unataka kujua kama ununue sasa au uahirishe hadi Desemba. Usinunue leo. Subiri tangazo la serikali ya huko la mwisho wa mwezi huu kuhusu orodha ya nchi za karantini, na wakati ukisubiri fanya mambo nitakayokuandikia hapa.

Kuja hakuna tabu kubwa. Una pasipoti ya Kenya, hakuna wa kukuzuia mlangoni. Unahitaji cheti cha PCR, yaani kipimo cha maabara cha virusi vya korona, kilichofanywa ndani ya saa 96 kabla ya kusafiri. Kipimo hicho ulipie mwenyewe kwenye maabara ya kibinafsi, kwa sababu vipimo vya bure vya NHS, huduma ya afya ya serikali ya huko, ni vya wagonjwa na havikubaliki kwa safari. Cheti ukishakipata, kipakie kwenye Trusted Travel, mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki vyeti vya vipimo, upate namba yako, maana karatasi ya maabara peke yake haitoshi.

Tabu iko kwenye kurudi. Kenya imo kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, ile ya nchi wanazoziona za hatari zaidi kwa korona, tangu tarehe 9 Aprili, na chanjo haikuondolei chochote hapo. Kwa kuwa una kibali cha ukaazi wataruhusu uingie, lakini utafungiwa kwenye hoteli ya karantini siku 10 kamili, yaani usiku 11. Bei ilikuwa pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja. Kuanzia tarehe 12 mwezi huu inapanda hadi pauni 2,285, ambayo ni zaidi ya shilingi 300,000 za huku. Ndani yake mna usafiri kutoka uwanja wa ndege, chumba, chakula, na vipimo viwili vya siku ya 2 na ya 8. Hoteli huchagui wewe.

Sasa hesabu likizo yako. Wiki tatu ni siku 21. Toa mbili za njiani, toa usiku 11 wa hoteli, unabaki na siku nane za kukaa na sisi. Na kazi yako ni ya wodini, huwezi kuifanya kwa kompyuta ukiwa chumbani. Kwa hiyo kabla hujatazama bei za tiketi, muulize mwajiri wako kwa maandishi: siku za karantini zitahesabiwa likizo ya kawaida, likizo isiyo na malipo, au nini? Malipo ya ugonjwa ya serikali hayalipwi kwa mtu aliyejitenga kwa sababu tu ya kutoka safari. Jibu la mdomo kutoka kwa msimamizi wa zamu halitakusaidia siku mishahara inapokatwa.

Kuhusu kusubiri. Serikali ya huko imekuwa ikiipitia orodha karibu kila wiki tatu: 24 Juni, 14 Julai, na juzi tarehe 4 Agosti. Tangazo lijalo basi litegemee karibu na tarehe 25 au 26. Ila angalia jinsi muda wa onyo unavyotofautiana, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Kenya ilitangazwa tarehe 2 Aprili, amri ikaanza tarehe 9, wiki nzima. Uturuki ilipewa siku tano mwezi Mei. Tanzania ilitangazwa tarehe 21 Januari na kesho yake saa kumi alfajiri mlango ukafungwa. Aliyekuwa Dar es Salaam usiku ule hakuwa na la kufanya. Kwa hiyo hata Kenya ikitolewa kwenye orodha tarehe 26, usichukulie kwamba itabaki nje hadi utakaporudi. Uwe na pauni 2,285 pembeni, pesa ambazo hutazigusa, pamoja na nauli ya kubadilisha tarehe. Kama huna hizo, mwanangu, usije Septemba. Tunakutamani sana, lakini sitaki uanze mwaka wa kazi na deni la hoteli.

Kuna wanaokwenda kukaa siku 10 kamili katika nchi ya tatu isiyo nyekundu ndipo waingie Uingereza. Kesho Falme za Kiarabu na Qatar zinatoka kwenye nyekundu, kwa hiyo utasikia wengi wakikushauri Dubai. Kwa aliyechanjwa huko Uingereza kama wewe njia hiyo inaondoa karantini, unabaki na kipimo cha kabla ya kuondoka na cha siku ya 2. Lakini siku zinazopotea ni zile zile, pasipoti yako inataka viza, na nchi hiyo yenyewe inaweza kurudishwa nyekundu ukiwa ndani yake, ukalipa hoteli mbili. Mimi sikushauri.

Tiketi. Nunua moja kwa moja kwa shirika la ndege, na ulipe kwa kadi ya mkopo, usilipe kwa kadi ya kawaida ya benki. Sheria ya huko inamfanya mtoa kadi awajibike pamoja na muuzaji kwa kitu kilichozidi pauni 100, lakini ukipitia kwa wakala kinga hiyo inaweza kukatika. Soma masharti ya kubadilisha tarehe: ni mara ngapi, hadi saa ngapi kabla ya kuondoka, na kama utaongezewa tofauti ya nauli. Neno “bure” mara nyingi lina maana kwamba faini ndiyo bure, tofauti ya nauli unalipa.

Na ulielewe hili vizuri. Shirika likifuta ndege inayoondoka Uingereza, una haki ya kurudishiwa pesa taslimu ndani ya siku 7, na vocha unaweza kuikataa. Lakini ndege ikiruka, na wewe hukusafiri kwa sababu sheria imebadilika, hakuna anayelazimika kukulipa. Ndiyo maana usiwahi kufuta mwenyewe mapema kwa hofu. Subiri shirika lifute, isipokuwa masharti ya tiketi yako yanakupa muda wa mwisho wa kubadilisha.

Tiketi iwe moja kutoka huko hadi Mombasa na kurudi, usinunue ya Nairobi halafu ukategemea treni ya SGR au ndege ndogo. Machi mwaka huu Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru zilipofungwa, usafiri wa kuingia na kutoka kwa barabara, reli na ndege za ndani ulisimama hadi 1 Mei. Mwenye tiketi mbili tofauti akichelewa ya kwanza, ya pili imekufa.

Kipimo cha kurudi ndicho kinachokwamisha wengi pale kaunta. Sampuli ichukuliwe ndani ya siku 3 kabla ya ndege inayotua Uingereza kuondoka, na hesabu ni ya ndege hiyo ya mwisho, hata kama ulianzia Mombasa siku moja kabla. Ikiwa inaondoka Ijumaa, sampuli ya Jumanne inafaa. Mimi ningechukua Jumatano asubuhi: majibu yakichelewa una Alhamisi nzima ya kuwafuatilia maabara. Cheti kisipokubaliwa hupandi, na ukitua bila nacho kuna faini.

Ukikipokea, kaa nacho chini mkononi na pasipoti kando yake. Majina yafuate pasipoti herufi kwa herufi, yote matatu. Tarehe ya kuzaliwa iwepo. Tarehe ya kuchukuliwa sampuli iwepo, maana maabara nyingine huandika ya majibu peke yake. Jina la kifaa cha kipimo na mawasiliano ya maabara yawepo pia. Lugha iwe Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Kosa ukiliona palepale dirishani linarekebishwa kwa dakika chache. Ukiliona uwanjani usiku, maabara imefungwa.

Na ikiwa umepata virusi? Hutasafiri, na PCR inaweza kuendelea kuonyesha virusi wiki kadhaa baada ya kupona. Uingereza inakubali pia kipimo cha haraka cha antijeni, mradi usahihi wake uwe umefikia viwango vyao: umaalumu, yaani kutomwambia asiye na virusi kwamba anavyo, asilimia 97, na uwezo wa kugundua asilimia 80 kwa mwenye virusi vingi. Uliza maabara kama wanacho na kama wataandika hivyo kwenye cheti.

Hoteli ya karantini lazima ulipie kabla ya kupanda ndege, kwa sababu fomu ya abiria, unayojaza ndani ya saa 48 kabla ya kutua, inataka namba ya malipo hayo. Usidanganye mahali ulipokuwa siku 10 zilizopita. Adhabu inafika kifungo cha miaka 10. Na angalia ni uwanja upi: abiria wa orodha nyekundu wanashukia viwanja vilivyoteuliwa tu, kama Heathrow na Birmingham.

Jambo la mwisho ni kadi yako ya ukaazi. Itazame leo tarehe ya kuisha. Ikiisha ukiwa huku, utahitaji viza nyingine ya kurudia. Bima nayo isome kipengele cha ushauri wa wizara ya mambo ya nje: wizara ikisema watu wasiende isipokuwa kwa lazima, bima nyingi hazilipi.

Mwandikie mwajiri wiki hii na unitumie jibu lake. Tangazo likitoka nipigie jioni hiyo hiyo, kabla hujalipa, tuitazame tiketi pamoja.

Baba yako