Notisi ya mzigo itoke kwenye gari, isitoke kwenye LPO (oda ya mnunuzi)

Mkuu, umeuliza kwa nini supermaketi ya Nairobi inakukata pesa kila ukipeleka kahawa ya pakiti, ilhali mzigo unafika salama na hati ya makabidhiano inasainiwa. Nina miaka 7 nafunga kahawa hapa Moshi, na kosa hilo nimelilipia.

Ghala lao halitaki kufungua katoni moja moja. Mpokeaji anaskani lebo ya paleti, mfumo unaitafuta namba hiyo kwenye notisi ya mzigo, yaani taarifa ya kilichopakiwa uliyowatumia kwa kompyuta kabla ya gari kufika, ukiiona mzigo unapokelewa. Namba hiyo ni SSCC, tarakimu 18, na ni ya paleti ile peke yake. Usiirudie kwenye paleti nyingine kabla ya mwaka kupita. Usiichanganye na bakodi ya pakiti, ile inayoanza na 620 yetu ya Tanzania. Hiyo inataja bidhaa tu. Namba zikipishana, gari linawekwa pembeni, watu wanahesabu kwa mkono, na gharama inarudi kwako.

Yangu ilikuwa hivi. LPO ilitaka katoni 120. Wakati wa kupakia usiku tukakuta 6 zimelowa, tukaziacha. Kumbe kijana wa ofisini alishatuma notisi tangu mchana, kanakili LPO kama ilivyo. Dereva akavuka Namanga bila shida, akaja kukwama getini kwao siku nzima. Iliniuma sana, maana zile 114 zilikuwa kahawa safi kabisa.

Tangu siku ile notisi haiondoki hadi mlango wa gari ufungwe. Mtunza stoo anaskani kila katoni inapopanda paleti. Paleti ikishazungushiwa nailoni anachapa lebo na kuibandika. Faili la DESADV, ndiyo notisi yenyewe, linajengwa na skani hizo, mkono wa mtu hauandiki idadi. Ukija kuuza Marekani utasikia wakiita 856. Mpangilio wa faili ni mwingine, kazi ni ile ile. Kama huna mfumo wa kutengeneza faili, waulize kama wana ukurasa wa intaneti wa kujaza mwenyewe. Kwa gari moja kwa wiki unatosha.

Halafu usitulie kwa sababu umepata jibu la CONTRL kutoka kwenye mfumo wao. Jibu hilo linasema faili limesomeka. Kama uliandika 120 na garini zimo 114, litakuja zuri vile vile.

Angalia na saa, tafadhali. Sisi tunasema gari litafika saa 2 asubuhi, na kijana wako ataandika 0200. Mfumo unasoma saa 8 usiku, unahesabu kwamba umechelewa saa 6. Saa 2 asubuhi inaandikwa 0800. Kosa hili nimelikuta kwa wafungaji wawili wa Arusha, wote walidhani wanaonewa.

Weka hapa notisi moja iliyokukata pesa pamoja na LPO yake, bei zifiche. Nitazipitia leo jioni.